Upande Nyasi Zinakolala

Siku mliyoniaga, wengine mlileta keki na blanketi. Rehema alileta daftari la kurasa mia na kalamu mbili, akaniambia mbele ya watu, "Mzee, usikae bure. Andika yote uliyokuwa unatupigia kelele kila siku, ili tukikwama tusome badala ya kukupigia simu." Basi nimeketi barazani kwangu hapa Ipogolo, magoti yamepakwa dawa ya kuchua, nami naandika. Simu najua mtapiga tu.

Vyeo sitavitaja, maana kikosi chetu hakijawahi kuzidi watu sita na kila mmoja alibeba toroli. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za udongo, za nyasi bandia, na za watu waliotufungulia mageti yao wakatuacha tuchimbe nyuma ya nyumba zao. Hili la mwisho ndilo kubwa, ingawa nilichelewa kulijua.

Kabla ya nyasi nilikuwa fundi wa kutandaza vitofali vya uani hapa Iringa. Nilikuwa nasawazisha ardhi kwa kamba, vigingi na mpira wa maji, na nilijiona hodari. Siku moja akanijia mtu mfupi, mwenye koti la mvua katikati ya kiangazi, akajitambulisha kuwa anaitwa Sanga, Mkinga wa Makete. Maisha yake yote alikuwa ameshona maturubai ya malori pale Mwanjelwa. Mfanyabiashara mmoja wa Mbeya alikuwa ameleta kapeti za nyasi bandia za kutengenezea viwanja vya michezo majumbani, akagundua kuwa hapakuwa na mtu wa kuziunga bila mshono kuonekana. Akamchukua Sanga. Sanga naye akagundua kwamba mshono mzuri juu ya ardhi mbovu ni kazi bure, akaja kunitafuta mimi. "Wewe udongo, mimi mshono," aliniambia, na mahojiano ya kazi yakaishia hapo.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Gangilonga, nyumbani kwa daktari aliyetaka kiwanja cha mpira wa wavu kati ya nyumba na majabali. Ardhi niliisawazisha vizuri, nikashindilia kokoto na vumbi lake hadi pakawa kama meza. Sanga akatandaza kapeti la kwanza, akaenda kunywa chai. Mimi, kwa kimbelembele cha mgeni, nikaona nimshangaze. Nikavuta la pili, nikalikunjua kuanzia upande wa geti kwa sababu ndiko lilikokuwa karibu. Nilipanga kingo zikakutana sawasawa, nikasimama kando kusubiri sifa.

Sanga alirudi na kikombe mkononi, akasimama getini, akatazama kwa muda. "Fundi, mwenye nyumba ameagiza kiwanja kimoja au viwili?"

Nikaenda kusimama alipokuwa. Kutoka pale, kapeti la kwanza lilikuwa kijani kilichokolea na la pili limepauka kama shati lililofuliwa kwa dawa nyingi. Ukilikaribia huoni kitu, ukirudi nyuma unaona nguo mbili. Akaniamuru nivue buti na soksi, nifumbe macho, nipitishe mguu juu ya la kwanza, kisha juu ya la pili. Moja liliteleza chini ya unyayo, lingine likanikwaruza.

"Nyasi zina upande zinakolala," alisema. "Hata hizi za kiwandani. Ukiunga mbili zinazolala tofauti, hakuna gundi duniani itakayozipatanisha. Zilaze zote kuelekea nyumbani, mwenye nyumba akikaa barazani azione zimekolea."

Tulilikunja na kuligeuza lile kapeti alasiri nzima. Sanga hakunisema. Alinisimulia habari za maturubai na madereva wa Tunduma mpaka aibu ikaniisha bila mimi kujua. Nimekutana na mafundi wengi wenye kujua kazi, lakini mwenye kujua namna ya kumkosoa mtu mzima bila kumvunja nimemwona mmoja tu. Tangu siku ile salamu yetu ya kazini ikawa, "Zimelala wapi?" na jibu, "Zimelala nyumbani." Nanyi mnaitumia mpaka leo, na wenye nyumba wanatuona tumechanganyikiwa.

Sasa machache ya vifaa, kwa kuwa Rehema atauliza. Wembe wa kisu ubadilisheni kabla haujawa butu, si baada ya kuwa butu. Kateni kutokea mgongoni mwa kapeti, kati ya mistari ya ushonaji, mkiwa mmepiga magoti, na wekeni gunia chini ya magoti hayo, maana yangu hayakuwekewa. Kapeti likishushwa kutoka kwenye gari likunjueni liote jua kwanza. Likitandazwa lingali na baridi litajikunja baada ya wiki, na lawama zitakuja kwa mwenye mshono. Mchanga wa kujazia uwe mkavu kabisa, na ufagieni mkielekea kinyume cha kulala kwa nyasi ili ushuke hadi chini. Mafinga, mwezi wa sita na wa saba, gundi haishiki asubuhi kwa baridi. Sanga alikuwa akiyaweka makopo ndani ya koti lake na kuyatembeza kama mama mwenye mapacha hadi jua lipande. Sasa mnajua koti la mvua lilikuwa la nini.

Tulifanya viwanja vingi, kuanzia Iringa mjini hadi Makongolosi, na kila mahali palikuwa na shida yake. Makongolosi ni vumbi. Tukuyu ni mvua, ambayo haiulizi kama umemaliza. Usangu ni ng'ombe. Tulipofanya kiwanja kwa mzee mmoja Msukuma, mfugaji, ambaye wanawe walikuwa wachezaji wazuri wa mpira, ndama wake aliingia tukiwa tunakula, akanusa nyasi zetu, akang'ata kidogo, akatema, akanitazama. Mzee alikuwa ameegemea mlango, akacheka hadi akakaa chini. "Fundi, hii majani ng'ombe imekataa! Mimi nitaiaminije?" Kila nilipokutana naye baadaye mnadani alinitambulisha kwa wenzake kama yule mtu aliyedanganya ndama.

Sanga macho yalimpungukia polepole. Miaka yake ya mwisho aliunga kwa vidole, akiupapasa mshono kuanzia mwanzo hadi mwisho, nami nilikuwa natembea mbele yake kumwondolea kokoto. Alistaafu akarudi Makete, na mwaka uliofuata tukapata habari ya msiba. Nilimlilia kuliko nilivyomlilia baba yangu mzazi, na sioni haya kuliandika. Rehema, mliyemkuta, ndiye aliyechukua nafasi ya mshono.

Baada ya hapo ndipo ikaja kazi ya Tukuyu. Wengi wenu mmeisikia vipande vipande, na vingine vimeongezwa chumvi. Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu mrefu wa kofia ya pama, ambaye kila mtu pale alimwita Mwalimu tu. Mkewe ni Mama Tumaini. Tumaini ni mtoto wao wa kwanza, wa kiume, ana karakana ya mashine Makongolosi na watoto watatu. Wajukuu hao hawakupenda kwenda Tukuyu likizo. Walisema huko ni matope na mvua, hakuna pa kucheza. Mwalimu lilimuuma sana jambo hilo. "Nimefundisha watoto wa watu miaka yote," aliniambia siku ya kwanza, "halafu wa kwangu nawaona kwenye simu." Akakubaliana na mwanawe kwamba nyuma ya nyumba, kati ya jiko na migomba, kiwekwe kiwanja kidogo cha nyasi ambazo matope hayazifiki.

Tulipoanza kuparua udongo, Mama Tumaini alitoka, kitenge mabegani. "Mwagonile," alitusalimu, nasi tukaitikia, maana Kinyakyusa cha salamu tumekijua kwa kazi. Alisimama karibu na migomba akitutazama, kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, hapo mtoto amelala."

Alionyesha kwa kidevu. Nikafuata kidevu chake, nikaona dirisha la chumba cha nyuma, pazia limefungwa.

"Usijali, Mama," nikamjibu. "Tutakwenda polepole. Hatutamsumbua."

Uso wake ulilegea. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndaga fijo, fundi," akanishukuru. "Sikujua nimwambie nani." Nikashangaa kidogo kwamba mtu anashukuru hivyo kwa usingizi wa mtoto, lakini bibi na mjukuu wake, nani awaingilie? Mchana ule ule akapanda gari kwenda Kiwira kumuuguza dada yake.

Nikawaita wenzangu nikawaamuru: kompakta ya kushindilia isiwashwe, redio izimwe, hakuna kuitana kwa kelele, upande ule tufanye kwa majembe na mikono. Kwa siku mbili tulifanya kazi kama watu walio kanisani. Sururu tulizishusha taratibu. Mawe hatukuyatupa, tuliyapokezana mkono kwa mkono hadi kwenye mtaro wa maji. Nilijisifu moyoni kwamba hata Sanga angependa ustaarabu ule.

Siku ya pili wakati wa chakula Rehema akaniuliza, "Mzee, huyu ni mtoto gani anayelala kutwa asilie? Mama ameenda Kiwira, mtoto kabaki na nani? Na kwenye kamba ya nguo sijaona nepi hata moja."

Nikamwambia achunge gundi yake.

Mama Tumaini alirudi siku ya tatu asubuhi. Alitokea pembeni mwa nyumba na kikapu chake, akafika ukingoni mwa pale tulipoparua, akasimama. Udongo wote ulikuwa umeshaondolewa, ardhi ni tambarare kutoka jikoni hadi kwenye migomba, kamba zangu zimenyooka. Alitafuta kitu kwa macho, huku na huku. Kisha akaketi chini, palepale kwenye udongo, na kikapu kikamwangukia.

"Nilikwambia, fundi," alisema. Hakupaza sauti. "Nilikwambia hapo mtoto amelala."

Ndipo nikaelewa. Nimeshaangusha tofali kwenye mguu wangu, nimeshaanguka kutoka kwenye lori, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia dakika ile. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia neno la kwanza lililokuja, ambalo kwa bahati lilikuwa la kweli: "Mama, tumeparua juu tu. Shubiri moja. Hatujamfikia. Naapa hatujamfikia."

Akanisimulia pale pale chini, Rehema akiwa amemshika bega. Alikuwa mtoto wake wa pili, wa kiume, aliyemfuata Tumaini. Aliishi siku nne, jina lilikuwa bado. Katika familia nyingi za huku kwetu, wakati ule, kichanga cha siku chache kilizikwa na kina mama peke yao, asubuhi, nyuma ya nyumba, bila matanga, na wanaume hawakufika wala kuuliza. Mama mkwe wake ndiye aliyemrudishia Mwalimu habari, kwa neno moja: "Tumeshamlaza." Toka siku hiyo, katika nyumba ile, hakuna aliyewahi kutumia neno lingine. Na kwa kweli hata hilo lenyewe halikutumika. Mama Tumaini aliweka jiwe moja, na jiwe hilo tulikuwa tumeshalipokezana kwa heshima zote hadi mtaroni, pamoja na mengine mia.

Rehema akainuka. "Nitalitafuta, Mama. Nitayatoa yote uyaone moja moja."

"Jiwe liache, mwanangu," alisema Mama Tumaini. "Sikuzaa jiwe. Mnionyeshe mahali."

Hapo Mwalimu alikuwa ameshafika, amesimama nyuma yetu, nasi hatukujua amesikia kiasi gani. Alivua kofia. "Ni hapa?" alimwuliza mkewe. "Miaka yote hii nimekuwa nikipita juu yake nikienda kukata ndizi?"

"Ulikuwa unapita pembeni," mkewe akamjibu. "Nilikuwa nakuangalia."

Mwalimu alikuja akaketi naye chini, suruali safi na yote.

Kazi ya kupatafuta ilikuwa yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyepapoteza. Nikamwuliza Mama kama kuna chochote anachokumbuka. Akasema hatua kumi na moja kutoka mlango wa jiko. Alizihesabu siku ile kwa sababu mama mkwe alitangulia na mtoto, naye hakutaka kutazama mbele, akawa anaitazama miguu yake. Lakini jiko hilo lilikuwa la zamani, la miti na udongo, na lilibomolewa Tumaini akiwa darasa la pili. La sasa liko kwingine kabisa.

Jambo hilo nililiweza. Siku ya kwanza, tulipokuwa tunaparua, nilikuta duara la udongo mwekundu, mgumu, wenye majivu chini yake. Moto wa miaka mingi huoka ardhi, na ardhi iliyookwa hairudi kuwa udongo wa kawaida. Nikampeleka Mama hapo. Aliutazama ule wekundu, akainama akaugusa. "Mafiga yangu," alisema. "Mlango ulikuwa huku, ukiingia mafiga yanabaki kushoto." Nikapigilia vigingi viwili pale aliposema, vikawa mlango.

Alisimama kati ya vigingi, akatembea hatua kumi na moja, akafika karibu kabisa na migomba. Nikachukua keni la kumwagilia, nikamimina maji mahali pale. Ardhi iliyowahi kuchimbwa, hata ijazwe na kukanyagwa miaka mingapi, hunywa maji haraka kuliko ile ambayo haijaguswa. Hicho ni kipimo cha kwanza anachojifunza mtu wa kusawazisha. Maji yalituama, yakatutazama.

"Hayupo," alisema. Mimi nami nilikuwa sina kipimo kingine mfukoni.

Kisha akaitazama miguu yake, akasema, "Subiri. Ilikuwa siku ya nne tangu nijifungue. Sikutembea hivi."

Akarudi mlangoni. Akafunga kitenge chake upya, chini zaidi, akaweka mkono mmoja tumboni. Alianza tena, safari hii kwa hatua fupi, za kuburuta, mwili umeinama, na mbele ya macho yetu yule mama wa mvi akawa msichana. Mwalimu alikuwa anahesabu kwa midomo tu. Kumi na moja. Akasimama.

Nilimimina maji taratibu kumzunguka. Pembeni yote yalituama. Mbele ya vidole vyake, mahali penye ukubwa wa beseni la kuogeshea mtoto, yakazama. Niliongeza, yakazama tena.

"Huyu hapa," alisema.

Mwalimu aliinama akaweka kiganja chake chote juu ya pale penye unyevu, akakiacha hapo muda mrefu. Rehema alienda kusimama nyuma ya migomba. Mimi nilijifanya nakaza kamba.

Sasa likawa suala la kiwanja. Mahali penyewe palikuwa hatua mbili ndani ya mstari. Nilimwambia Mama kwamba akisema tuache, tutarudisha udongo wote tulioutoa hadi toroli la mwisho na kuondoka. Nilimaanisha. Nilimwona Mwalimu akizitazama kamba zangu, kwa sababu bila kiwanja wajukuu hawaji, lakini alitikisa kichwa kukubali.

"Miguu ya watoto haimsumbui," Mama alisema. "Watoto wacheze. Ninachoogopa ni hilo kapeti. Mkishafunika, na mimi nikifa, nani atajua kwamba yupo?"

Mwalimu akampigia Tumaini, akaweka sauti ya wazi, akamweleza. Kule Makongolosi mashine zilikuwa zinanguruma, kisha zikazimwa. Halafu tukasikia sauti ya mtu mzima imekuwa ya mtoto: "Mama, kumbe nilikuwa na mdogo wangu?"

"Unaye," Mama akajibu.

"Punguzeni kiwanja," alisema Tumaini. "Fundi, nasema punguza hata nusu."

Sikupunguza nusu. Nilisogeza mstari wa pembeni hatua tatu ndani, na kiwanja cha Tukuyu kikawa na vipimo visivyopatikana kwenye karatasi yoyote. Golini mtu akinyoosha mikono anagusa huku na huku. Kapeti lenyewe tulilipeleka hadi ukingoni, nje ya mstari, ili lisiache matope, na pale mahali nikakata dirisha. Kazi ya kukata ni ya Rehema, lakini siku ile aliniachia kisu bila kuulizwa. Katika miaka yangu yote sijawahi kukata kipande kidogo kama kile, na hakuna kilichonichukua muda kama kile. Pembeni tulizungushia vitofali, vilivyolazwa sawa na kapeti asijikwae mtu. Katikati Mama alipanda ukoka wa kweli, aliouchimba mwenyewe kando ya njia ya kanisani.

Tulipokuwa tunatandaza, niliita kama kawaida, "Rehema, zimelala wapi?" Naye bila kufikiri akaitikia, "Zimelala nyumbani!" Kisha sote wawili tukashtuka, tukamgeukia Mama Tumaini aliyekuwa mlangoni. Alitutazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu akacheka. "Kumbe na nyie mna wenu wanaolala," alisema.

Toka kazi ile, kabla sijapigilia kigingi uani kwa mtu, nimekuwa nikiwauliza watu wote wa nyumba, nikianza na kina mama, tena kwa neno lenyewe: kuna aliyezikwa hapa? Wengine hukasirika. Waacheni wakasirike. Nyumba tatu baada ya hapo nilijibiwa ndiyo, na katika hizo tatu, mbili wenye nyumba wanaume hawakuwa wanajua. Na mkiambiwa kuna mtu amelala, vijana wangu, msitazame dirishani. Ulizeni tangu lini.

Nilirudi Tukuyu mwezi wa kumi na mbili kukagua mshono baada ya mvua za mwanzo. Mshono ulikuwa mzima, ingawa sikuwa na wasiwasi nao. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwaona. Wajukuu watatu walikuwa wamekuja kwa likizo, na Mwalimu, filimbi mdomoni, alikuwa amewapanga pamoja na watoto wa majirani, anawakemea kama darasa. Mama Tumaini alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, anapukuchua maharage. Nilipewa kiti karibu naye na kikombe cha chai ya rangi yenye tangawizi.

Mpira ulipigwa vibaya, ukavuka mstari, ukabingirika hadi kwenye ule ukoka, ukatulia. Wengine wote walisimama walipo. Wa mwisho katika wajukuu, Neema, wa miaka sita, alikimbia kuufuata, akafika kwenye vitofali, akafunga breki. Hakukanyaga. Alichuchumaa, akaweka mikono yake magotini kama alivyofundishwa na babu yake.

"Baba mdogo, shikamoo," alisema. "Naomba mpira wetu."

Mama Tumaini hakuinua uso kutoka kwenye maharage yake.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia. "Chukua, mkacheze."